Mashahidi Safi wa Shwari

Shwari ni nchi ambayo mgeni huipenda kabla hajaielewa. Barabara zake zimefagiliwa, mbwa wake hawabweki ovyo, na watu wake wakikutana huinamisha kichwa, hutabasamu, kisha kila mmoja hushika njia yake bila kuuliza la zaidi. Mimi tangu shuleni niliogopa kuulizwa maswali, kwa hiyo siku ya kwanza nilijiona nimefika kwetu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sijaanza kazi, na nilitaka kuona watu wengine wanaishije. Namna nilivyosafiri haiongezi kitu katika habari hii, hivyo naiacha.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Havijawa, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye nyumba yake ilishiriki ukuta na nyumba ya jirani kama zilivyo nyumba zote za mji ule. Alinipokea kwa chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha. Akanionyesha kitanda, akanionyesha bafu, kisha akanikabidhi kisahani chenye vipande viwili vya pamba vilivyoviringishwa vizuri.

"Hivi ni vya nini, bibi?" nikamuuliza.

"Vya masikio, mwanangu. Jua likishuka tu, unaziba."

"Kuna mbu sana?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mbu! Jamani wageni hawa. Sasa mbu aingie sikioni kutafuta nini? Hivyo ni vya uraia mwema. Kaa nikueleze, usije ukaniaibisha mtaani."

Akanieleza. Katika sheria za Shwari, mtu aliyeumizwa nyumbani hawezi kutoa ushahidi wa maumivu yake, maana ana upande. Mtu aliyemwona akiumizwa naye hafai, maana akili yake imeshapata doa la kujua. Hata aliyesikia tu kupitia ukutani ameshaharibika, kwa sababu amekwisha kumhurumia mmoja na kumchukia mwingine. Anayefaa ni yule asiyejua chochote. Huyo huitwa shahidi safi, na mahakama humheshimu kuliko watu wote. Kwa sababu hiyo kila raia anayejali haki huziba masikio jioni, watu wanaporudi majumbani, ili akiitwa kesho yake afike mbele ya mwamuzi akiwa hana doa.

"Na anapofika huulizwa nini?"

"Huulizwa alisikia nini."

"Naye hujibu?"

"Kwamba hakusikia kitu," alisema Bi Havijawa, akishangaa kwamba nilihitaji kuambiwa. "Wakishasema hivyo wengi, mwamuzi anajua hakuna kilichotokea."

Alinipeleka mlangoni anionyeshe kibao cheupe kilichopigiliwa juu ya kizingiti: NYUMBA YA SHAHIDI SAFI. Alikipata zamani, na hakuna mtaani aliyewahi kukaribia rekodi yake. Kila akiitwa mahakamani hupewa sukari ya kwenda nayo nyumbani. Nilimpongeza, kwani sikujua jambo jingine la kusema, na yeye akafuta vumbi kwenye kibao kwa ncha ya kanga yake.

Jioni ile niliziba masikio kwa adabu kama nilivyofundishwa. Lakini pamba zilinipa muwasho, nikazitoa, nikaziweka juu ya kisahani, nikaendelea kusoma. Ndipo niliposikia, upande wa pili wa ukuta, sahani ikivunjika. Kisha sauti ya mwanamume. Haikuwa ya juu. Ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza jambo kwa uvumilivu. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, polepole, kama anayemwomba mwenzake amsaidie kubeba ndoo:

"Twende uani, tafadhali. Mtoto amelala."

Nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa. Nikasikia yaliyofuata, na sitayaandika. Nilibaki nimekaa na kitabu mapajani. Katika chumba cha pili Bi Havijawa alikuwa anakunja nguo huku akiimba kidogokidogo, wimbo usio na maneno.

Asubuhi nilimsalimia, "Shikamoo bibi," na kabla hajamaliza kuitikia marahaba nikasema, "Bibi, jana pale kwa jirani nilisikia..."

Kiganja chake kilikuwa mdomoni mwangu kabla sijafika mbali. Kilinuka kitunguu.

"Hapana, mwanangu. Hapana, hapana. Usinimwagie hapa. Unataka kuniharibia usafi wa umri mzima?" Alikuwa anatabasamu bado, lakini kiganja hakukiondoa. "Ulitoa pamba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi umeota. Watu wa safari huota sana."

Nilitoka kwenda kuchota maji kwenye bomba la nyuma, linalotumiwa na nyumba zote mbili. Nilimkuta mwanamke kijana akijaza ndoo kwa mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa ameufunga kwa kanga na kuutundika shingoni. Nilimsaidia kuinua ndoo. Mimi ni mtu wa sauti ndogo, na mbele ya mtu mwenye maumivu hata hiyo ndogo hunipotea.

"Wewe ndiye mgeni," alisema mwishowe.

"Ndiyo, dada."

"Mimi naitwa Zamoyoni. Kesi yangu ni leo. Nasikia wamefurahi sana kwamba umefika."

"Wamefurahi kwa nini?"

"Mtu wa mtaani hata akiziba, huenda alisikia mchana, au alisikia sokoni. Mgeni hajui hata majina yetu. Hakuna shahidi safi kama mgeni." Alilisema bila uchungu, akikung'uta maji kwenye vidole. "Kila mara wananiletea mtu mzuri. Mara ya mwisho alikuwa mwalimu, mpole kweli. Alinishika mkono baada ya hukumu, akaniambia pole."

Nikamwuliza anaomba nini mahakamani.

"Ruhusa ya kulala kwingine. Mimi na mwanangu. Sijaomba afungwe, sijaomba shamba. Kulala tu." Akatazama dirisha la nyumba yake. "Wasiponipa, saa kumi jioni wananirejesha. Wanakuja na ngoma, wananipa chungu kipya, wananisindikiza mpaka mlangoni, na yeye anasimama pale ananipokea, watu wanapiga vigelegele. Ndoa imepona."

"Mimi nilisikia, dada," nikamwambia. "Jana. Nilisikia."

Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Sikuona shukrani pale. Alinihurumia.

"Ukisema ulisikia, watayafuta maneno yako. Ukisema hukusikia, watanirudisha. Usijiumize kichwa, mdogo wangu. Njia zote mbili zinaishia kwangu."

Akajitwika ndoo na kuingia ndani.

Haukupita muda mrefu, akaja mzee mmoja nadhifu, kanzu yake imepigwa pasi, jina lake Mzee Kitwana. Cheo chake ni Mtakasaji wa Mashahidi. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba watakaosimama mahakamani hawajui kitu. Nilimpenda, lazima niseme kweli. Alikuwa na upole wa mtu ambaye hajawahi kushuku kwamba anafanya kosa.

"Binti, nchi yetu inakuheshimu," alisema. "Tunakuomba utoe ushahidi leo."

"Mzee, ni vizuri ujue kwamba mimi jana niliku..."

Aliinua kidole. "Usimalizie. Sentensi isiyomalizika haina uzito kisheria. Ikiisha, nitalazimika kukuandika mchafu, na mimi sipendi kumwandika mtoto wa watu mchafu."

"Lakini mzee, anayejua ndiye anayeweza kusaidia."

"Kusaidia nani?" aliuliza kwa hamu ya kweli. "Ukisaidia mmoja, umemwonea mwingine. Mahakama haipo kusaidia. Ipo kutokuwa na upande. Tuliwahi kupata mwamuzi aliyepiga chafya, pamba ikamtoka mlalamikaji akiwa bado anazungumza. Alisikia nusu ya malalamiko. Tulimvua joho siku ileile, ikabidi kesi isubiri mwamuzi mpya kutoka ng'ambo ya milima, na kwa sheria, kesi isipokuwa na mwamuzi hakuna mke anayerejeshwa. Nyumba ile ilikaa bila mke msimu mzima. Unaona hatari ya kusikia?"

Nilisema naiona.

"Na kwenu?" aliuliza. "Kwenu jioni mnaziba kwa nini? Pamba pia? Nta?"

Nilifikiri kidogo. "Kwetu hatuzibi, mzee. Kwetu tunaongeza sauti ya redio."

Alitikisa kichwa taratibu, akivutiwa. "Redio," alisema. "Hiyo nayo ni njia nzuri. Na mtu anapata habari."

Mahakama ya Shwari huitwa Ukumbi wa Utulivu. Sakafu yake imefunikwa mazulia ili viatu visisikike. Kwa kuwa tuliwahi, nilishuhudia kesi iliyoitangulia ile ya Zamoyoni. Msichana mmoja wa umri wangu alikuwa amemshitaki mwanamume aliyemwingilia kwa nguvu. Msichana mwenyewe hakuitwa. Gauni lake ndilo lililoitwa. Lilitundikwa kizimbani kwa kigingi, likaapishwa, na karani akalipima urefu kwa utepe huku akilihoji. Mbona shingo yako ni pana? Ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulimwambia mwenye kukuvaa kwamba umembana? Gauni halikujibu, na karani akaandika kwamba limekiri. Nilimwuliza mzee aliyekaa jirani yangu kama suruali ya mshitakiwa itahojiwa nayo. Alinigeukia kwa mshangao. Alisema nguo za wanaume hazina la kusema. Msichana alikuwa amekaa benchi la nyuma, amejifunika shuka la kuazima. Kesi ilipokwisha alikuja mbele, akaliondoa gauni kwenye kigingi, akalikunja polepole kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akatoka nalo. Hakuna aliyemwangalia. Kumwangalia kungekuwa ni kuwa na upande.

Kisha kesi ya Zamoyoni ikatajwa.

Mwamuzi, Mheshimiwa Mavumba, alikuwa mtu mwembamba mwenye macho yaliyochoka. Karani alimsogezea sahani ya fedha. Mheshimiwa akachukua pamba, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto, akainua uso kutazama dari. Ndipo Zamoyoni aliporuhusiwa kusema. Huo ndio utaratibu: mlalamikaji ana haki kamili ya kusema, na mwamuzi ana wajibu kamili wa kutosikia, asije akampendelea.

Zamoyoni alisimama na mkono wake uliofungwa. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali ambapo ameenda mara nyingi. Alisema ilianzaje, na inaanzaje kila mara. Alisema juu ya binti yake, Somoe, ambaye sasa akisikia funguo mlangoni hukimbia kujificha ndani ya pipa la unga, na siku ya karibuni alijifunika kifuniko akashindwa kukifungua, akatolewa akiwa mweupe mwili mzima, anakohoa. Mwamuzi alikuwa anatazama dari. Watu ukumbini nao, kwa heshima, walikuwa wameweka vidole masikioni. Nami peke yangu nilikuwa nimeweka mikono mapajani, na Mzee Kitwana alinikonyeza kwa huzuni, kama mtu anayemwona mtoto wake akila kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni.

Zamoyoni alipoketi, mwamuzi alitoa pamba. Aliitwa mume, Bwana Shomvi. Huyu husikilizwa masikio yakiwa wazi, kwa kuwa sheria inasema mshitakiwa hana upande, anajitetea tu. Alikuwa mtanashati, mwenye maneno matamu. Alisema anampenda mkewe. Alisema nyumba bila mke ni baridi. Alisema mkono ule uliteguka kwa kubeba ndoo, na kwamba amemkataza mara nyingi asibebe ndoo.

Kisha mashahidi safi. Bi Havijawa alisimama wa kwanza, kanga yake mpya ikiwa bado ina mkunjo wa dukani.

"Bi Havijawa, unaishi wapi?"

"Nyumba ya kushikana, mheshimiwa. Ukuta mmoja."

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, mheshimiwa."

"Kwa muda gani hukusikia kitu?"

"Tangu walipooana."

Ukumbi ukanong'ona kwa kustahi. Bi Havijawa akarudi kuketi, na alipopita mbele ya Zamoyoni nilimwona akiangalia pembeni, akirekebisha kanga ambayo haikuwa na kasoro.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Sikumbuki vizuri nilivyofika mbele. Nilimwona Zamoyoni akitazama sakafu, kama mtu aliyekwisha kusikia hukumu, na nilifikiri juu ya yule mwalimu mpole aliyemshika mkono na kumwambia pole.

"Mgeni wetu," alisema Mheshimiwa Mavumba, "jana jioni ulisikia nini?"

Nikasema.

"Ongeza sauti, binti. Hapa mashahidi safi tunapenda kuwasikia."

Nikaongeza. "Nilimsikia dada huyu akisema, 'Twende uani, tafadhali. Mtoto amelala.' Nikasikia mlango wa uani. Nikamsikia akipigwa. Nilitoa pamba kwa sababu ya muwasho, mheshimiwa. Nilisikia yote."

Mzee Kitwana alikwisha simama. "Shahidi ni mchafu! Amekiri kusikia. Naomba yafutwe."

"Yamefutwa," alisema mwamuzi.

Karani akafuta. Ilichukua muda mfupi sana. Nilirudi kwenye nafasi yangu huku uso ukiniwaka, na Bwana Shomvi akaniinamishia kichwa kwa adabu nilipopita.

Mheshimiwa Mavumba alishika kalamu, lakini hakuandika mara moja. Aliigeuzageuza vidoleni. Kisha akaanza kusoma hukumu kwa sauti tambarare ya mtu anayesoma maneno aliyoyasoma mara nyingi mno.

"Kwa kuwa mashahidi safi hawakusikia kitu, na kwa kuwa kisichosikika hakikutokea, mahakama inaona nyumba hii ni nzima. Mke arejeshwe leo saa kumi, kwa ngoma na chungu, kama ilivyo desturi." Akavua miwani. Aliyoyasema baadaye aliyasema kwa sauti nyingine, ya chini, ya baba wa watu. "Ila ngoma ipigwe polepole. Na huyo Somoe apelekwe kwanza kwa bibi yake, asije akashtuka akaingia tena kwenye lile pipa."

Karani alikuwa anaandika. Kalamu yake ikasimama.

Mzee Kitwana alisema, "Mheshimiwa, Somoe ni nani?"

"Mtoto," alijibu mwamuzi.

"Jina hilo limetajwa na nani?"

Mwamuzi alitazama sahani ya fedha, alitazama pamba zake mbili, nyeupe, zilizotulia pale. Nadhani kila mtu ukumbini alikuwa akirudi nyuma kichwani mwake, akitafuta ni nani aliyelitaja, na kila mtu alikuwa akifika mahali palepale na kugundua jambo la pili lililo baya zaidi. Ili ujue kwamba jina lilitajwa na Zamoyoni peke yake, wakati watu wote wameziba, ni lazima wewe pia uwe ulisikia.

Kisha likasikika cheko la Bi Havijawa. Lilikuwa fupi, la mtu aliyekabwa.

"Kumbe hata wewe, mheshimiwa!" alisema.

"Mama, kaa chini," Mzee Kitwana alimsihi.

"Nimekaa sana, Kitwana. Nimekaa mpaka nimechoka." Alikuwa amesimama, kanga imemtoka begani na hakuijali. "Pamba haizibi, jamani. Mbona tunajifanya? Haijawahi kuziba. Mimi nasikia sahani, nasikia mlango, namsikia huyu mtoto wa watu anavyoomba watoke nje. Naimba ili nisiwe nasikia, na ninapoimba bado nasikia. Nani humu ndani pamba yake inaziba? Asimame tumwone."

Watu walitazama mazulia. Mzee mmoja alitoa vidole masikioni, akaviangalia, kama vile hakujua avipeleke wapi.

"Haya," alisema Bi Havijawa. "Ndiyo hivyo."

Mheshimiwa Mavumba alianza kuvua joho lake mwenyewe, bila kungoja kuambiwa. Alilikunja, akaliweka juu ya meza. Bila joho alikuwa mdogo, shati lake lina kiraka kwenye kola.

"Kesi haina mwamuzi," alitangaza Mzee Kitwana, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Kwa mujibu wa sheria, mke hatarejeshwa mpaka apatikane mwamuzi mwingine, ng'ambo ya milima."

Hapo ukazuka mjadala, nami niliufuatilia, kwa maana ulikuwa wa kisomi. Tatizo lilikuwa kwamba sheria ya Shwari ina neno kwa mke aliye nyumbani na neno kwa mke aliyerejeshwa, lakini haina neno kwa mke ambaye hayuko njiani kurudi. Karani alishauri afungiwe katika ghala la mahakama kwa usalama wake. Mwingine akauliza je, mume naye afungiwe? Akajibiwa kwamba haiwezekani, kuku watalishwa na nani? Mwingine akapendekeza akae kizimbani, mahali gauni lilipokuwa, maana pana kivuli. Walizungumza kwa utaratibu, kila mmoja akimpisha mwenzake. Zamoyoni alikuwa ameketi katikati yao.

Aliyekuwa mwamuzi akasema, "Mwulizeni."

"Mheshimiwa, huna joho," alisema Mzee Kitwana.

"Sina. Ndiyo maana nasema mwulizeni." Akamgeukia mwenyewe. "Dada, unataka ukae wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa mahakama ile kumwuliza kitu na kungoja jibu. Zamoyoni aliinua uso akamtazama.

"Nilisema tangu mwanzo," alisema. "Nataka kulala."

"Kwangu," alisema Bi Havijawa. "Yeye na mtoto. Kitanda cha mgeni kipana."

"Bibi, fikiri," Mzee Kitwana alimwambia. "Ukimpokea una upande. Nitalazimika kukuondolea kibao."

"Kaking'oe mwenyewe. Misumari ina kutu, jihadhari na vidole."

Bwana Shomvi alikuwa amesimama mlangoni, bado na tabasamu lake, lakini lilikuwa limebaki peke yake usoni, macho hayakuwa pamoja nalo. Hakuna aliyemzuia. Sheria haikusema kama anapaswa kuzuiwa, na nililiona hilo, na bado linaniogopesha. Alimtazama mkewe akipita. Bi Havijawa alipita katikati yao kwa unene wake wote, kama kabati linalohamishwa.

Mimi niliandikwa kosa la kutia habari mahakamani, nikaamriwa kuondoka Shwari kabla jua halijatua. Mzee Kitwana mwenyewe alinisindikiza. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi.

"Mwamuzi mpya atafika," aliniambia njiani. "Atataka mashahidi safi. Nitawapata wapi, binti? Mpaka sasa habari imeshafika sokoni."

"Labda awasikilize wanaojua, mzee."

Alifikiri. Naamini alifikiri kweli, kwa hatua kadhaa. "Hiyo itakuwa sheria nyingine kabisa," alisema, na sikuweza kujua kama alikuwa anaikataa au anaionja ulimini.

Tulifika mtaani tukiwasikia wapiga ngoma. Hawakuwa wamepelekewa habari. Walikuwa wanakata kona na chungu kipya kimefungwa utepe, wanawake nyuma wakijiandaa kwa vigelegele, kama walivyoagizwa. Walisimama mbele ya nyumba ya Shomvi, wakaona mlango umefungwa, wakageukia mlango wa jirani. Mwenye ngoma kubwa aliinua fimbo.

Bi Havijawa alitoka kizingitini, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Wewe," alimwambia. "Ukiipiga hiyo nakuvunjia kichwani."

"Bibi, tumetumwa tumrejeshe mke."

"Mke amelala."

"Saa hizi?"

"Saa hizi. Na mtoto kalala. Mmoja huku, mmoja huku, hata chai hawajanywa." Alisema kwa kunong'ona, lakini mtaa mzima ulimsikia. "Nendeni mkapige mbali."

Yule kijana wa ngoma alimtazama Mzee Kitwana, na Mzee Kitwana alitazama ardhi kwa muda mrefu. Kisha, taratibu, alimwonyesha kwa mkono ashushe fimbo.

Mkoba wangu ulikuwa bado chumbani. Bi Havijawa aliniruhusu nikauchukue. Zamoyoni alilala ubavu, mkono mgonjwa juu ya mto, mdomo wazi kidogo, na mtoto mdogo mwenye nywele zilizosimama amejikunja nyuma ya magoti yake. Jua la jioni lilikuwa linawaangukia wote wawili kupitia dirishani, na hakuna aliyegeuka. Sijui mwamuzi wa ng'ambo ya milima alifika lini, wala alisema nini. Niliubeba mkoba kifuani ili usigonge mlango, nikavaa viatu nje.